Moyo unaruka, daktari anapima kiuno

Musawo, habari za kazi.

Mimi ni dereva wa trela, umri wangu miaka 48, nyumbani ni Malaba upande wa Uganda. Usukani nimeushika miaka 21. Kontena nalipokea mpakani, nalifikisha Kampala, na mwezi ukiwa mzuri nateremka nalo mpaka Katuna.

Mwezi wa nne nililala Naluwerere. Tulikula muchomo, nikanywa waragi kidogo. Nisikudanganye, haikuwa kidogo. Saa nane usiku nikashtuka, moyo unarukaruka kifuani kama sangara aliyetupwa ndani ya mtumbwi. Haukuwa ule mwendo wa mtu aliyekimbia. Ulipiga mara tatu haraka haraka, ukanyamaza, ukapiga moja, kisha nne. Kulipokucha ulitulia, nikawasha gari nikaondoka.

Mara ya pili ilinikuta Lugazi, mchana kweupe, nikiwa natafuna mairungi (miraa) tangu Iganga. Kliniki ya kwanza ikasema malaria, nikachomwa sindano siku tatu. Duka la dawa likasema vidonda vya tumbo. Jirani akamwambia mke wangu kwamba kuna mtu ananichezea. Mara ya tatu nilikata pumzi nikipanda kwenye kabini, na tanboi wangu, yaani utingo, ndiye aliyenipeleka hospitali moja mjini Kampala.

Walinibandika nyaya wakanipima ECG. Daktari, kijana mdogo tu, akasema mapigo yamepoteza mpangilio kwa sababu vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka. Nikasema haya, tibu moyo. Yeye akachomoa futi ya fundi cherehani, akanizungushia tumboni: sentimita 112. Uzito kilo 104, urefu mita 1.72. Presha 156 kwa 98. Sukari kabla ya kula, 7.4. Halafu akaniuliza kama nakoroma, na soda nakunywa ngapi kwa siku. Musawo, mimi nimeleta moyo, yeye anahesabu soda! Niliona ni dharau ya vijana waliosoma.

Alinipa vidonge vya kupunguza mwendo wa moyo na vingine vya kuzuia damu isigande. Hivyo vya pili nilitumia mwezi mmoja tu. Ni ghali, moyo ulikuwa umetulia, na mwenye duka la dawa alinipa aspirini ndogo akasema kazi yake ni ile ile.

Lililobaki ni la aibu. Daktari anataka nipunguze kilo kumi. Dereva wa masafa marefu, kwenye barabara hii, akonde kilo kumi? Unajua watakavyosema. Mke wangu aliponiona nasukuma posho (ugali) pembeni usiku, aliniuliza swali ambalo siwezi kuliandika hapa. Hivi kweli kitambi na mapigo ya moyo vinahusiana wapi? Na kahawa nayo niache?

Dereva, Malaba

*

Ndugu Dereva, pole na safari.

Nianze na jambo uliloliandika kwa haraka kana kwamba ni dogo, maana ndilo lililonifanya nisome barua yako mara mbili. Zile dawa za kuzuia damu kuganda, rudi kwa daktari uzidai wiki hii.

Ugonjwa wako madaktari wanauita fibrilesheni ya atiria. Atiria ni vile vyumba viwili vya juu vya moyo. Vikitetemeka badala ya kukaza na kusukuma, damu haiondoki vizuri. Inatuama, hasa katika kijifuko kidogo kilicho upande wa kushoto, na damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka hapo, njia yake kubwa ni kwenda kwenye ubongo, na hicho ndicho kiharusi. Mwenye tatizo hili, asipotibiwa, hatari yake ya kiharusi ni karibu mara tano ya mtu asiye nalo. Kutulia kwa moyo hakumaanishi kwamba hatari imeondoka: mapigo haya huja na kwenda, na mara nyingi huja bila mwenyewe kuhisi chochote. Wewe juu yake una presha, na sukari inaelekea huko huko. Hivyo viwili daktari huvihesabu anapoamua nani apewe dawa hizo, na ndiyo maana alikuandikia.

Aspirini haifanyi kazi ile ile. Miongozo ya madaktari wa moyo haiipendekezi tena kwa kuzuia kiharusi cha namna hii: inazuia kidogo sana, na bado inaweza kukutoa damu tumboni. Mwenye duka alikuuzia alichokuwa nacho. Kama tatizo ni bei, mwambie daktari hivyo hivyo, bila haya. Kuna warfarini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ila inahitaji kupimwa damu mara kwa mara ili kipimo kiitwacho INR kikae kati ya 2 na 3. Ukiwa kwenye warfarini, mboga kama dodo (mchicha) na sukuma hukatazwi. Unachotakiwa ni kula kiasi kinachofanana kila wiki, si kufunga mwezi mzima kisha kula sufuria siku moja. Na aspirini usiichanganye na dawa hizi mpaka daktari aseme.

Sasa kiuno. Kijana wa watu hakukudharau, alikuwa anautafuta moyo wako kwa njia sahihi.

Fikiria njia panda yenye askari mmoja wa trafiki. Anapiga filimbi, magari yote yanakwenda; anapiga tena, yanasimama. Moyo mzima una askari huyo, yuko juu upande wa kulia, na kwa mtu aliyepumzika hupiga filimbi mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kwako wewe, usiku ule wa Naluwerere, watu mia walitoka vichakani kila mmoja na filimbi yake. Katika hali hiyo vyumba vya juu hupokea zaidi ya mishtuko 300 kwa dakika. Chini yake kuna lango linalozuia nyingi zisipite, ndiyo maana uko hai, lakini zinazopita zinapita ovyo: tatu, kimya, moja, nne. Hata mdundo umeuandika vizuri. Vidonge ulivyopewa kupunguza mwendo vinalikaza lango hilo. Waliotoka vichakani havijawarudisha nyumbani.

Swali ni nani aliwapa filimbi, na hapo ndipo futi ya fundi inapoingia.

Presha ya miaka huusukuma moyo kama mzigo uliozidi tani. Chumba cha juu cha kushoto kinavutika, kuta zake zinaota makovu, na umeme wa moyo ukikutana na kovu unapotea njia na kuzunguka. Mafuta nayo hayalali tumboni tu. Mengine hulala juu ya moyo wenyewe, yakiwa yameugusa msuli, na hayakai kimya: yanatoa kemikali zinazowasha uvimbe na kuzidisha makovu yale yale. Sukari iliyopanda muda mrefu, na insulini ambayo mwili umeacha kuisikiliza, vinachokoza upande huo huo na kuchafua mishipa ya fahamu inayouongoza moyo. Kila kimoja kati ya hivi kinaweza kuleta tatizo peke yake. Kwako vimekuja kwa pamoja, kama ndugu wa harusini.

Kukaa kwao pamoja kuna hata hesabu yake. Madaktari wanaangalia mambo matano: kiuno kipana, presha kuanzia 130 kwa 85, sukari kabla ya kula kuanzia 5.6, mafuta ya damu aina ya trigliseridi kuanzia 1.7, na mafuta yale mazuri, HDL, yakishuka chini ya 1.0 kwa mwanamume. Ukiwa na matatu, umeingia katika kile wanachokiita sindromu ya metaboli. Kiuno cha mwanamume wa kwetu kinapimwa kwa kikomo cha sentimita 94, ambacho kusema kweli ni cha Wazungu, tumekiazima mpaka chetu kipatikane. Wewe una 112, hata ukiazimwa kikomo cha kiboko umezidi. Presha ipo. Sukari ipo, na 7.4 imevuka hata 7.0, mstari wa ugonjwa wa kisukari wenyewe, ingawa inatakiwa irudiwe siku nyingine kabla hujaitwa mgonjwa. Yaani mafuta ya damu hujapimwa, na tayari una matatu.

Usijione uko peke yako. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Uganda ana presha, na wengi wao hawakuwa wanajua. Wewe unajua. Umewatangulia.

Kabla hatujatupia kitambi lawama zote, kuna jambo moja nataka uliulize. Je, walikupiga picha ya eko, ile ya kupaka mafuta kifuani na kuangalia moyo ukicheza kwenye skrini? Hukuitaja. Huku kwetu wengi wanapata mapigo haya kwa sababu ya vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, mara nyingi baada ya vidonda vya koo visivyotibiwa. Kama vali ya kushoto imebana kwa sababu hiyo, dawa ya damu inayofaa ni warfarini, si zile mpya. Na wapime tezi ya shingoni, maana ikifanya kazi kupita kiasi huleta mapigo kama yako. Anzia hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, na wakishindwa watakuandikia barua ya kwenda Taasisi ya Moyo ya Uganda, pale Mulago.

Haya, kilo kumi. Hazikutolewa hewani. Mjini Adelaide, Australia, waliwafuatilia watu 355 wenye uzito uliozidi na tatizo lako hili hili, na matokeo yakatoka 2015. Waliopunguza angalau asilimia 10 ya uzito wao na kukaa hapo walikuwa na nafasi mara sita zaidi ya kuishi bila mapigo hayo kurudi, ukilinganisha na waliopunguza kidogo au wasiopunguza. Karibu nusu yao walikaa bila mapigo hayo hata bila dawa za kuyatuliza. Asilimia 10 ya kilo 104 ni kilo kumi na kidogo. Ndiyo hiyo namba ya daktari wako. Ila waliopanda na kushuka, leo amekonda kesho amerudi, walipoteza sehemu ya faida. Kwa hiyo usifunge kula kwa hasira. Nusu kilo kwa wiki, miezi mitano, inatosha.

Najua si chakula kinachokuzuia. Ni lile swali la mkeo.

Nilianza kazi ya uuguzi wakati neno "Slim" bado linasemwa kwa kunong'ona. UKIMWI ulipojitokeza Kasensero, kule Rakai, mwaka 1982, watu waliupa jina hilo, yaani kukonda, kwa sababu mgonjwa aliyeyuka mbele ya macho yao. Na madereva walibebeshwa lawama, Lukaya, Lyantonde, kila mahali trela linapolala. Tangu hapo, kwetu mtu mnene ni mtu mzima wa afya, na anayekonda anahesabiwa siku. Wanaume wengi wamekaa na vitambi vinavyowaua kwa kuogopa maneno ya jirani. Sikulaumu hata kidogo.

Lakini mkeo si jirani. Mchukue mwende pamoja mkapime VVU, wote wawili, majibu myasikie mkiwa kwenye benchi moja. Kisha mwonyeshe ile karatasi ya hospitali: hii hapa presha, hii sukari, hizi kilo kumi ameziandika daktari. Yeye ndiye anayepika, na akielewa, mambo ya posho hayatakuwa tena ya kusukuma pembeni kimya kimya kama mtu mwenye siri. Jirani aliyesema unachezewa mwachie maneno yake, atapata mengine. Jambo moja tu la kuangalia: ukianza kukonda bila kujitahidi, kiu na mkojo vikazidi, au moyo ukaenda mbio na mikono ikatetemeka, rudi hospitali. Kukonda huko ni kwa sukari au kwa tezi.

Kwenye barabara, anza na soda. Chupa ya nusu lita ya kola ina sukari gramu 50 na zaidi, karibu vijiko 13. Hujaeleza unakunywa ngapi, na kukwepa kwako kumenijibu. Acha hiyo kabla hujagusa kitu kingine, kunywa maji, na chai punguza kijiko kimoja kila wiki mpaka ulimi uzoee. Rolex ya chapati mbili na mayai matatu ni chakula cha watu wawili. Agiza chapati moja, mayai mawili, nyanya na kabichi nyingi. Ukisimama Namawojjolo, kuku wa kuchoma mle, mimi mwenyewe simpiti. Ila ile chumvi nyeupe wanayokuwekea pembeni kwenye karatasi irudishe kabla kidole hakijaigusa, maana presha yako ndiyo inayoila. Posho isizidi ngumi yako, maharage na dodo vijaze sahani iliyobaki. Na siku foleni ya mpakani ikiwa ndefu, usilale kabini. Tembea mpaka kichwa cha foleni ukawasalimie wenzako, urudi.

Waragi na mairungi siwezi kuvipamba. Huko huko Australia, watafiti wengine walichukua wanywaji 140 wenye mapigo ya aina yako, nusu wakaombwa waache pombe miezi sita. Walioendelea kunywa, asilimia 73 mapigo yaliwarudia. Walioacha, 53. Kwako pombe ndiyo iliyowasha usiku wa kwanza. Mairungi yana kemikali iliyo ndugu wa dawa za kuchangamsha, inapandisha presha na kuukimbiza moyo. Ukiyatafuna ili usilale, halafu ukanywa waragi ili ulale, moyo unakanyagwa breki na mafuta kwa wakati mmoja.

Na usingizi wenyewe, daktari hakuuliza kukoroma kwa udaku. Mtu mwenye shingo nene koo lake huziba akiwa amelala, pumzi inakatika, oksijeni inashuka, mwili unashtuka na kumwaga homoni za hofu, mara kumi au ishirini kwa saa. Moyo unavutwa kila mara. Tatizo hili lisipotibiwa, mapigo hurudi hata ukimeza dawa zote. Mwombe tanboi akurekodi kwa simu usiku mmoja mkilala kabini. Kama anasikia unakoroma, unanyamaza kabisa, kisha unaruka kama mtu anayezama, mpelekee daktari hiyo sauti. Madereva wengi husinzia kwenye usukani kwa sababu hii, wakidhani ni uchovu tu.

Jifunze pia kujipima. Vidole viwili, si dole gumba, chini ya kiungo cha mkono upande wa dole gumba. Kaa umetulia dakika tano, kisha hesabu dakika nzima, si nusu ukazidisha, kwa sababu mwendo wako haulingani. Piga mguu chini kufuata mapigo. Mguu ukishindwa kubashiri pigo linalofuata, andika tarehe na saa. Mashine ya presha nayo hubabaika moyo ukiwa hivyo, ipime mara tatu uchukue wastani.

Uso ukienda upande, mkono ukakosa nguvu, maneno yakakwama mdomoni, au ukazimia, au kifua kikabana: hospitali saa hiyo hiyo, na usiendeshe wewe. Kama umewahi kuona giza ukiwa barabarani, mwambie daktari kabla hujashika tena usukani. Tajiri ataudhika. Trela lenye tani arobaini bila dereva litamuudhi zaidi.

Kahawa usiiache kwa ajili ya mapigo. Kikombe kimoja au viwili kwa siku havijaonekana kuyaongeza, na nchi yenyewe ni ya kahawa. Ila iwe bila sukari. Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu ndivyo uache leo, hata lile kopo ulilolificha chini ya kiti cha tanboi.